Mapigo ya Usingizini

Njombe,
6 Julai 2024

Mwanangu mpendwa,

Huku baridi imekaza. Asubuhi nyasi za uwanjani zinaamka nyeupe kwa barafu, na mbuzi hawataki kutoka zizini mpaka jua lipande. Baba yako amemaliza kuvuna viazi, mgongo unamsumbua kidogo, lakini ni mzima na anakusalimu.

Jumapili uliponipigia simu ulinipa habari mbili kwa pumzi moja. Ya kwanza, una mimba ya wiki tisa. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ya pili uliipitisha harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa: moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, mikono inatetemeka ukishika chaki, jasho linakutoka darasani wakati wenzako wamevaa sweta, na umepungua kilo nne. Kisha ukamalizia kwa maneno ya mama mkwe wako: "Ni mimba tu, itapita."

Mama mkwe wako anakutakia mema, na kwa wanawake wengi angekuwa sahihi. Lakini maneno hayo, ni mimba tu, niliambiwa mimi, na kabla ya kuambiwa niliwaambia wanawake wengine nikiwa nimevaa sare ya ukunga. Ndiyo maana usiku ule sikupata usingizi, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Simu hukatika, na mengine yaliyomo humu sijawahi kuyasema kwa mdomo.

Ulipokuwa na miaka sita tulikaa kibarazani tukichambua maharage. Ulinyoosha kidole, ukakipitisha kwenye kovu la shingo yangu toka upande hadi upande, ukauliza, "Shangazi, hiki ni nini?" Nikakujibu kwamba ni alama ya mkufu uliobana. Uliniamini, na tangu siku hiyo hukuuliza tena. Leo nakujibu swali lile.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa na rovu lenye ukubwa wa yai la bata. Dada yake alikuwa nalo, na mke wa mjumbe, na nusu ya wanawake waliokutana kisimani. Kwetu shingo iliyovimba ilikuwa kama kimo: kila mtu na chake, hakuna aliyeuliza. Nilipofika chuo cha ukunga ndipo nikaelezwa kwamba mvua za milima hii, kwa karne nyingi, zimeosha madini joto kutoka udongoni na kuyapeleka baharini. Mahindi, viazi na kabichi zinazoota hapa hazina cha kutupa. Tezi ya shingoni, ambayo kazi yake ni kuyanasa madini hayo na kutengeneza homoni, inapoyakosa hujitanua ili inase hata kidogo kinachopita. Rovu la bibi yako lilikuwa tezi yenye njaa.

Basi mwaka 1988, nikiwa na miaka ishirini na sita na mimba yangu ya kwanza, shingo yangu nayo ilipoanza kujaa, sikushtuka. Nilijifunga kitambaa. Baridi ya Njombe ilinipa kisingizio, nikavaa kitambaa hicho mchana na usiku, hata kazini, kwa sababu niliona aibu kidogo mkunga kuwa na rovu mbele ya wagonjwa. Unaijua methali tuliyokuwa tukiwaambia akina mama wanaoona haya kupanda kitandani kupimwa: mficha uchi hazai. Niliisema kila siku, na shingo yangu ikiwa imefunikwa.

Moyo ulikuwa ukinidunda masikioni. Nilikula sahani mbili na bado nikakonda. Nililala madirisha wazi katika baridi ambayo mume wangu alijifunika mablanketi matatu. Mkunga mwenzangu alinipima presha, akaiona si mbaya, akasema ni mimba tu. Nikakubali, kwa sababu dalili zote zilikuwa zile ambazo mimba yoyote inaweza kuleta. Mjamzito huchoka. Mjamzito huona joto. Moyo wake huongeza kasi, pumzi humpungua akipanda ngazi, miguu humvimba jioni. Tezi iliyopanda na moyo unaozidiwa huja wamevaa nguo za mimba, na mtu huwafungulia mlango akidhani ni mwenyeji.

Nilijifungua nikiwa na miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia tano. Aliishi siku mbili.

Siku ya tatu nikashindwa kulala chali. Kila nilipoegemea mto nilihisi kama maji yananipanda kifuani, nikikohoa povu. Wauguzi walidhani ni nimonia, ndugu walidhani ni majonzi. Usiku ule tabibu kijana aliyekuwa zamu alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Nilikuwa nimesinzia nimekaa, nimeegemea mito, na hakuniamsha. Alivuta kiti, akashika kifundo cha mkono wangu, akahesabu dakika nzima kwa saa yake. Mapigo mia moja thelathini na nane. Kulipokucha alinieleza: mtu mwenye hofu au huzuni, usingizi ukimchukua, moyo wake hutulia. Moyo unaosukumwa na tezi haujui kwamba mwenyewe amelala. Kisha akaniomba, kwa adabu sana, nifungue kitambaa.

Mwanangu, nataka uielewe kazi hii ya mwili, kwa maana ukiielewa hutayumbishwa na kila anayekushauri.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya koo, chini ya kongomeo, kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Homoni yake ndiyo inayoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani, na moyo uko mstari wa mbele kupokea amri hiyo. Homoni ikizidi, moyo hupiga haraka na kwa nguvu, wakati mwingine hupoteza mpangilio kabisa na kuanza kurukaruka. Homoni ikipungua, moyo huzembea, mapigo hushuka, mwili huvimba na kuhisi baridi, na maji yanaweza hata kujikusanya kwenye mfuko unaouzunguka moyo.

Sasa weka mimba juu ya hayo. Mimba peke yake huongeza damu ya mama kwa karibu nusu ya aliyokuwa nayo. Moyo hulazimika kusukuma theluthi moja hadi nusu zaidi ya kawaida, na mapigo huongezeka kwa kumi hadi ishirini kwa dakika. Moyo mzima huubeba mzigo huo bila kulalamika. Moyo ambao tayari unachapwa na tezi huubeba mpaka mahali fulani, kisha huanguka. Na mahali pa hatari kuliko pote ni pale watu wanapodhani safari imekwisha. Mtoto akishatoka, tumbo la uzazi linajikaza na kurudisha damu nyingi kwenye mzunguko kwa mara moja. Hapo ndipo moyo wangu uliposhindwa.

Ugonjwa niliokuwa nao unaitwa ugonjwa wa Graves, kwa jina la tabibu wa Dublin, Robert Graves, aliyeandika mwaka 1835 juu ya wanawake watatu waliokuwa na tezi iliyovimba na moyo unaodunda kwa nguvu. Lakini kuna aliyemtangulia. Caleb Parry, tabibu wa mji wa Bath huko Uingereza, alimwona mwaka 1786 mwanamke ambaye shingo ilianza kumvimba alipokuwa akinyonyesha baada ya kujifungua, na moyo wake ulikuwa ukienda ovyo. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1825, yeye akiwa ameshafariki. Nilipoyasoma hayo nikiwa nimestaafu, nililia. Mgonjwa yule aliugua akiwa mzazi mwenye mtoto mchanga, na miaka mia mbili baadaye mimi mkunga niliambiwa ni mimba tu.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hujichanganya. Hutengeneza askari wanaoikalia tezi na kuiamuru itoe homoni bila kukoma. Haukutokana na njaa ya madini joto kama rovu la bibi yako, na hupenda kutembea ndani ya ukoo, hasa kwa wanawake. Wewe ni damu yangu. Hii ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Daktari hawezi kuuliza juu ya kovu ambalo hata wewe hukuambiwa limetoka wapi.

Kwa hiyo usiisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda wiki hii, na uyaseme maneno haya kama yalivyo: "Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na ugonjwa wa tezi wakati wa ujauzito na moyo wake ukashindwa kazi. Mimi mapigo yangu yanakwenda mbio, natetemeka na nimepungua uzito. Naomba kupimwa tezi." Usione kama unamfundisha nesi kazi. Kliniki ya wajawazito hupima presha, mkojo, wingi wa damu, VVU na kaswende. Kipimo cha tezi hakimo katika orodha ya kila mjamzito, hivyo usipoomba, yawezekana kabisa hakuna atakayekipima. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho. Watakuandikia rufaa, nawe ifuate.

Kipimo cha kwanza huitwa TSH. Hiyo si homoni ya tezi yenyewe, ni sauti ya ubongo inayoihimiza tezi. Tezi ikizidisha kazi, ubongo hunyamaza na TSH hushuka. Tezi ikilegea, ubongo hupiga kelele na TSH hupanda. Pamoja nacho upimwe T4, homoni yenyewe iliyo huru kwenye damu. Na hapa uwe makini: katika miezi mitatu ya kwanza homoni ya mimba nayo huisukuma tezi kidogo, ndiyo maana TSH ya mjamzito huwa chini kuliko ya mtu mwingine. Majibu yasomwe kwa viwango vya wajawazito, na umkumbushe anayesoma kwamba una wiki tisa.

Inawezekana pia kwamba ni hilo tu. Wanaotapika sana hupandisha tezi kwa muda, kisha ikatulia yenyewe ifikapo wiki ya kumi na nne hadi ya kumi na nane bila dawa ya tezi. Daktari atakutazama shingo na macho, atakuuliza juu ya ukoo, na anaweza kuomba kipimo cha wale askari wa kinga ili kutofautisha. Upigwe pia ultrasaundi, kwa sababu mimba zabibu, ile isiyo na mtoto bali mafundo, huitoa homoni ya mimba kwa wingi na inaweza kuuendesha moyo namna hiyohiyo. Ikiwa baada ya yote hayo watakuambia ni mimba tu, nitayapokea maneno hayo kwa furaha. Yatakuwa yamepimwa.

Ikionekana ni Graves, usiogope na usikimbie dawa. Yapo mambo manne nataka uyashike.

La kwanza, dawa za kuituliza tezi ni mbili, propilithaiyurasili na kabimazoli. Kabimazoli katika wiki za mwanzo, mtoto anapoumbwa, inaweza kumwachia kasoro za maumbile, kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza madaktari hupendelea ile nyingine, ingawa nayo inabidi ini liangaliwe. Watakupa kiasi kidogo kinachotosha, kwa kuwa dawa hupita kwenye kondo la nyuma na kuifikia tezi ya mtoto. Usiongeze wala kupunguza wewe mwenyewe.

La pili, ukiwa kwenye dawa hizo ukapata homa au koo kuuma, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo upimwe chembe nyeupe za damu. Ni mara chache dawa hizo kuziangusha, lakini zikianguka mwili hubaki bila ulinzi.

La tatu, ili kuushusha moyo wanaweza kukupa propranololi kwa muda mfupi. Ulikuwa na pumu utotoni, nakumbuka usiku tuliokukimbiza kwa baiskeli. Mwambie daktari kabla hajaandika, kwa sababu dawa hiyo hubana kifua cha mwenye pumu.

La nne, usikubali kunywa madini joto ya mionzi ukiwa na mimba au unanyonyesha. Hutumika kuiua tezi kwa watu wengine, na tezi ya mtoto nayo ingeyanywa.

Wakitibiwa mapema, wanawake wengi wenye Graves huzaa salama, na mara nyingi ugonjwa hutulia kadiri mimba inavyokua. Anayeachwa bila tiba ndiye anayepata mtoto njiti, kifafa cha mimba au moyo kushindwa. Mbaya kuliko yote ni dhoruba ya tezi: homa kali, kuchanganyikiwa, moyo kukimbia bila breki, na huweza kuchochewa na uchungu wa kujifungua, maambukizi, au mtu kuacha dawa ghafla kwa sababu ameambiwa maombi yametosha. Omba, mwanangu, nami nakuombea kila alfajiri. Dawa umeze.

Na kama majibu yatakuja kinyume, kwamba tezi imelegea, huko nako nimepita. Mwaka uliofuata baada ya kumzika mtoto nilikatwa tezi, ndilo kovu uliloligusa, na tangu hapo nameza levothairoksini kila asubuhi. Nilipobeba mimba ya binamu yako, mwaka 1992, nilijifunza jambo ambalo kila mwenye tezi dhaifu anapaswa kulijua: mtoto hana tezi inayofanya kazi kwa karibu miezi mitatu ya mwanzo. Ubongo wake hujengwa kwa homoni ya mama, na hata baada ya hapo bado huitegemea kwa kiasi. Kwa hiyo mama anahitaji dawa zaidi, robo hadi nusu zaidi ya alivyokuwa akimeza, na anahitaji kupimwa TSH kila baada ya wiki nne hadi katikati ya ujauzito. Tezi iliyolegea ikiachwa huleta mimba kuharibika, presha na mtoto mwenye akili iliyodumaa, nao moyo wa mama husukuma kwa uvivu huku damu ikipungua.

Kuna kosa moja la jikoni ambalo nimeliona kwa wanawake wengi sana kazini. Mama anapewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, FEFO, na anapewa dawa ya tezi, anavimeza pamoja asubuhi kwa chai ili asisahau. Madini ya chuma huishika dawa ya tezi tumboni, haiingii mwilini. Anameza kila siku na TSH inazidi kupanda, na nesi anamshuku kwamba anatupa dawa. Dawa ya tezi imezwe kwa maji, tumbo tupu, nusu saa au zaidi kabla ya kula. FEFO isubiri kwa muda wa saa nne, na vidonge vya kalisi vivyo hivyo. Mimi nilimeza ya tezi alfajiri jogoo akiwika na FEFO baada ya chakula cha usiku, na sikukosea hata siku moja.

Tezi isipoonekana na kosa, usirudi nyumbani bado. Waombe wausikilize moyo wenyewe. Katika nchi yetu wapo wanawake wengi waliopata mafindofindo utotoni, koo likapona lakini vali za moyo zikabaki na makovu. Wanakua, wanalima, wanacheza ngoma, hakuna ajuaye, mpaka mimba inapoongeza damu na ile vali iliyobana inashindwa kuipitisha. Kipimo chake ni eko ya moyo, picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, haiumizi na haimdhuru mtoto. Hapo Dodoma uko karibu na Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kesi kubwa hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Muhimbili.

Ziandike dalili hizi ubandike kwenye mlango wa kabati, mumeo naye azisome. Mapigo yanayofika mia moja na ishirini ukiwa umetulia. Pumzi zinazofika thelathini kwa dakika. Kushindwa kulala bila mito miwili au mitatu. Kuamka usiku ukihema kama umekabwa. Kikohozi kisichoisha, hasa chenye povu au damu. Kuzimia. Maumivu ya kifua. Miguu na uso kuvimba ghafla. Ukiona mojawapo, safari ni ya hospitali usiku huohuo, gari litatafutwa na deni litalipwa baadaye.

Na usiubandue ukurasa huo siku ya kujifungua. Upo ugonjwa wa moyo kutanuka ambao huwapata wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kuzaa, nao unawapata waliokuwa wazima kabisa. Na tezi nayo, ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto, inaweza kuvurugika tena. Hupanda miezi ya mwanzo, kisha hushuka, na mama hubaki amechoka, nywele zinang'oka, maziwa yanapungua, analia bila sababu. Hapo ukoo wa mume huanza kusema ni mvivu, na wa kwake kusema amerogwa. Damu yake ipelekwe maabara kwanza.

Sikusema neno kurogwa kwa bahati. Mtoto wangu alipokufa, kijiji kilitafuta mkono wa mtu. Jirani yetu mmoja alikuwa ameniletea maziwa wiki ile, naye hakuwa na mtoto. Ikatosha. Hakuna aliyempiga, lakini hakuna aliyemsalimu, na baada ya mavuno alifunga mizigo akahama. Mimi nilikuwa tayari nimeambiwa na tabibu jina la ugonjwa wangu. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu kusema kungenilazimu nifungue kitambaa mbele ya watu wote na kukiri kwamba ugonjwa ulikuwa shingoni mwangu. Ilinichukua miaka kumi na mitano kwenda kumtafuta. Nilimkuta amezeeka. Nilivua kitambaa, nikamwonyesha kovu, nikamweleza kila kitu na kumwomba radhi. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha maziwa, akakiweka mbele yangu. Nikanywa.

Jambo jingine ni chumvi. Miaka yangu ya ukunga tulizunguka vijijini kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 serikali ikaweka sheria kwamba chumvi ya kula iwekewe madini hayo. Leo nikiwatazama watoto wa shule wakipita hapa barabarani, shingo zao ni nyembamba kama za twiga, na moyo wangu hufurahi. Lakini bado sokoni kuna chumvi ya magunia isiyo na nembo. Usinunue. Nunua ya pakiti yenye maandishi ya madini joto, iweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na moto, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini hayo kwa siku, wakati mtu mzima mwingine hutosheka na 150. Rafiki zako wa Unguja na Pemba wasijidanganye kwamba samaki wanatosha: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu ukiendelea visiwani. Ila sisemi ule chumvi nyingi, maana presha nayo inakuvizia. Chumvi ileile kidogo, iwe na madini. Na matone ya madini joto yanayouzwa mitandaoni usiyaguse kabla tezi yako haijajulikana iko upande gani, kwani iliyopanda ukiipa zaidi unaipa kuni.

Nimekuandikia mengi, na najua utayasoma kidogo kidogo baada ya vipindi. Kwa usiku wa leo nakuomba moja tu. Ukishalala usingizi mzito, mumeo akae kitandani pembeni yako na saa yenye mshale wa sekunde. Aweke vidole viwili, si kidole gumba maana nacho kina mapigo yake, chini ya kifundo cha mkono wako upande wa dole gumba. Ahesabu dakika nzima, polepole, bila kukuamsha. Aiandike namba hiyo kwenye karatasi, nawe uende nayo hospitali asubuhi. Kipimo hicho hakina gharama na hakihitaji umeme. Kilichokosekana kwangu kwa miezi saba ni mtu wa kukaa kimya karibu yangu kwa dakika moja akihesabu.

Kisha nipigie. Nitakuwa nimeamka, unajua kidonge changu nakimeza alfajiri. Nitajie namba. Na ukija Krismasi na tumbo lako, utanikuta shingo wazi. Vitambaa vyote nilishavigeuza nepi, vinakusubiri kabatini.

Nakukumbatia, pamoja na mtoto.

Shangazi yako